Mgonjwa mmoja, mikono mingi: nani ashike usukani?

Nahodha wengi, chombo huenda mrama. Methali hii, msomaji mpenzi, haiwahusu mabaharia pekee. Huenda inamhusu pia mgonjwa aliyeko kwenu mashambani, ambaye wewe uliyeko mjini humtumia pesa za dawa kila mwisho wa mwezi, ukaamini kwamba wajibu wako umekwisha.

Hebu tuchukue mfano wa familia ya Kebirigo, kule Nyamira kwenye mashamba ya majani chai. Kijana wao ana kifafa tangu utotoni. Alipobaleghe akaanza kusikia sauti ambazo wengine hawazisikii. Kisha akaingilia chang'aa. Dawa za kifafa huzichukua katika zahanati ya karibu. Za akili huandikiwa katika hospitali kuu ya Kisii. Kichwa kikimuuma, mamake humnunulia tembe dukani. Kanisani huombewa, na shangazi yake humletea mitishamba. Wote wanamtakia mema, lakini hakuna hata mmoja ajuaye mwenzake ametoa nini.

Hapo ndipo penye hatari. Klopromazini, dawa ya kutuliza akili, huweza kuchochea kifafa. Kabamazepini, inayotibu kifafa, hupunguza nguvu za dawa nyingine kadhaa, zikiwemo tembe za kupanga uzazi. Olanzapini huweza kuongeza uzito na sukari mwilini. Lithiamu ikitumiwa pamoja na dawa ya maumivu kama ibuprofeni huweza kuzidi katika damu hadi ikawa sumu. Fenobabitoni pamoja na pombe huweza kumzima mtu pumzi, na ikikatizwa ghafla kifafa huweza kurudi kwa kishindo. Je, mama wa watu atayajuaje haya ikiwa hakuna aliyemweleza?

Kwa miaka mingi, familia nyingi zilidhani mlango wa mgonjwa wa akili ni mmoja tu: Hospitali ya Mathari jijini Nairobi, iliyoanza kuwapokea wagonjwa hao mwaka wa 1910. Mambo yamebadilika. Mwaka wa 2008 Shirika la Afya Duniani lilianzisha mpango wa kuwafunza madaktari na wauguzi wasio mabingwa kutibu maradhi ya akili na kifafa. Mwaka wa 2022 Sheria ya Afya ya Akili ya 1989 ilirekebishwa, kaunti zikapewa jukumu la kutoa huduma hizi karibu na wananchi. Mwaka wa 2023 wahudumu wa afya ya jamii walipewa vifaa vya kupimia shinikizo la damu na sukari nyumba kwa nyumba.

Milango basi imeongezeka. Lakini milango mingi bila mtu wa kuiunganisha ni safari nyingi tu za matatu.

Ufanye nini? Kwanza, nunua daftari moja la mgonjwa. Humo yaandikwe maradhi yake yote, kila dawa na kipimo chake, tarehe za kliniki, na siku alizoanguka au kukosa usingizi. Mitishamba na pombe navyo viandikwe bila aibu. Daftari hilo liende naye kila aendapo.

Pili, mkubaliane, mgonjwa mwenyewe akiwemo, ni nani atakayeshika usukani. Huyo ndiye atakayeuliza kila daktari: "Je, dawa hii inapatana na hizi nyingine?" Tatu, ombeni kliniki zipangwe siku moja inapowezekana, maana nauli ikikosekana dawa nazo hukatika. Nne, mjulisheni mhudumu wa afya wa kijiji chenu. Na kamwe msimkatize mgonjwa dawa kwa sababu ameonekana kupata nafuu, wala msimfunge kamba akizidiwa, mkimbizeni hospitalini.

Usimsahau anayeuguza. Mama anayekesha usiku na kuchuma majani chai asubuhi hana chuma mwilini. Akivunjika yeye, hata daftari litakosa wa kulibeba. Mpe zamu ya kupumzika, hata ikiwa ni juma moja wakati wa likizo yako.

Pesa unazotuma ni msaada mkubwa, la hasha hatuzidharau. Lakini leo, kabla hujabonyeza simu kutuma nyingine, piga kwanza uulize: anakunywa dawa gani, na nani anazijua zote?