Ithibati ya Mafundi wa Kuondoa Mapaa ya Asbesto (Sehemu ya Pili)

Katika makala yetu iliyopita tulibainisha ya kwamba asbesto ni jiwe la nyuzi nyembamba mno, na ya kwamba maradhi yake, ikiwamo saratani ya utando wa mapafu, aghalabu hayadhihiri ila baada ya miaka 20 hata 40. Leo twakusudia kunena habari za mafundi wanaoyashusha mapaa hayo, na elimu inayowapasa kabla ya kupanda ngazi.

Hapa Tukuyu, wilayani Rungwe, ambapo mvua ya mwaka hupita milimita 2,000, kuvu na ukoga huota upesi juu ya mapaa, na mwenye nyumba asiyejua hukwangua asbesto kwa brashi ya waya, huku vumbi likiwaingia yeye na wanawe. Kisha paa likichakaa, humwita fundi aliyemwezekea jirani yake bati. Fundi huyo, ajapokuwa hodari namna gani, amefundwa kupigilia, hali kazi hii yataka kutovunja kitu.

Wako wadhanio kuwa mvua ya Rungwe yatosha kulilowesha paa. La, hasha! Mvua hulowesha uso wa juu tu, na upande wa darini hubaki mkavu, umejaa vumbi la miaka mingi. Aliyefunzwa hunyunyiza maji ya sabuni juu na chini, hulegeza parafujo pasipo msumeno wala nyundo, hutembea juu ya mbao zilizolazwa kwa kuwa asbesto kuukuu hukatika ghafla chini ya mguu, kisha hukipokeza kigae kizima mkono kwa mkono, kikafungwe mara mbili kwa nailoni nzito. Barakoa yake hupimwa usoni mwake yeye mwenyewe, naye huamriwa kunyoa ndevu, maana penye ndevu barakoa haizibi.

Mkataba Na. 162 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1986, waagiza kazi ya kubomoa ifanywe na waliotambuliwa na mamlaka kuwa na sifa, tena baada ya kuandika mpango wa kazi. Marekani humtaka mfanyakazi asome siku 4 na msimamizi siku 5, na kurejea mafunzo kila mwaka. Kwetu Tanzania ipo Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya 2003 chini ya Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi (OSHA), na Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 chini ya Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira (NEMC), ambayo kwayo taka hatarishi hazisafirishwi ila kwa kibali.

Kwa hiyo naisihi Halmashauri ya Rungwe isimpe mtu kazi ya kubadili paa la asbesto la shule wala zahanati mpaka aonyeshe cheti cha mafunzo haya hasa, si cha useremala. Nawe msomaji, ikiwa paa lako la asbesto lingali zima, usilikwangue wala usilitoboe. Mahali pa kuzika taka hizo tutapaeleza katika toleo lijalo, inshallah.