Bega likitoka fasi yake

Hapa Majengo tunacheza kabumbu juu ya mawe ya volkano, tunasukuma chukudu, tunapanda pikipiki. Mtu anaanguka, bega linatoka. Tujue basi linatokaje na waganga wanalitengenezaje.

Bega ni kama yai kubwa juu ya kisahani kidogo. Yai ni kichwa cha mfupa wa mkono. Ndiyo maana mkono unazunguka pande zote. Lakini kinachozuia yai lisianguke ni ukingo laini wa kisahani, kano na misuli. Bega likitoka kwa mbele, mara nyingi ukingo ule unachanika. Mwingereza Bankart alilieleza jambo hilo mwaka 1923.

Kwa hiyo kurudisha bega ni kazi moja. Kupona kwa ukingo ni kazi ingine. Kwa vijana wasiofika miaka 20, zaidi ya nusu bega linatoka tena. Na kila likitoka, kisahani kinaweza kulika. Hapo ndipo waganga wanapasua. Wanashona ukingo, ama, kama mfupa umelika, wanakata kipande cha mfupa mdogo ulio mbele ya bega, pamoja na misuli yake, wanakikaza kwa skurubu pembeni ya kisahani. Njia hii ya pili ilielezwa na Mfaransa Latarjet mwaka 1954.

Na wazee wetu? Kwao pengine gegedu linalofunika mifupa limekwisha, mfupa unasugua mfupa. Kwanza ni dawa ya maumivu na mazoezi. Ikishindikana, kuna bega la kutengenezwa. Kule Paris, mwaka 1893, Péan aliweka la platini na mpira. Baada ya miaka kama miwili lilitolewa juu ya usaha. Mwaka 1985, Grammont wa Dijon aligeuza mambo: yai likae upande wa kisahani, kisahani upande wa mkono. Hivi hata mtu ambaye misuli yake imechanika anaweza kuinua mkono.

Tusifikiri kwamba waganga wa mifupa wako Ulaya tu. Hapa Goma, hospitali ya HEAL Africa ilianzishwa mwaka 2000 na Jo Lusi, mpasuaji wa mifupa, na mke wake Lyn. Lava ya Nyiragongo iliiharibu mwaka 2002, wakaijenga tena.

Basi, ndugu mwanafunzi, bega likitoka usikubali mtu alivute kwa nguvu pale uwanjani. Pengine mfupa umevunjika, na mshipa wa fahamu unaweza kuumia. Funga mkono kwa kitenge, nenda hospitali siku ile ile, wapige radio. Bega likikaa nje majuma mengi, mara nyingi halirudi bila kisu. Wazee walisema: usipoziba ufa, utajenga ukuta.