UCHAGUZI WA PLAIWUDI YA KUTANDIKA CHINI YA SAKAFU ZA MBAO

Chama cha msingi kinapojenga ofisi au ukumbi wa mikutano, wajumbe hujadili kwa kirefu uzuri wa mbao ya juu, iwe mninga au mkongo, na kusahau kitako chake. Siku hizi sakafu nyingi za mbao si ubao mzima, bali ni bamba jembamba la mti mgumu lililogandishwa juu ya plaiwudi. Bamba ndilo linaloonekana, lakini plaiwudi ndiyo inayoamua kama sakafu itadumu. Ikiharibika, haibadilishwi bila kung'oa na mninga ulio juu yake, na fedha za wanachama zitakuwa zimepotea mara mbili.

Ubao ukipata unyevu huvimba kwa upana, bali kwa urefu hubadilika kidogo sana. Katika plaiwudi, tabaka nyembamba hupandanishwa nyuzi zikikatana, hivyo kila tabaka huzuia jingine lisitanuke. Ulinzi huo ni muhimu katika miteremko ya Mlima Meru, ambako masika ya Machi hadi Mei hufuatwa na miezi ya baridi na ukungu, kisha kiangazi. Mkulima anajua kwamba kahawa ya maganda iliyokwisha kauka huweza kurudia unyevu ghalani. Mbao nazo ni hivyo hivyo.

Kabla ya kununua, kamati ya ujenzi izingatie mambo yafuatayo:

(a) Gundi. Gundi ya yurea hutosha kwa samani za ndani, lakini huachia kwa maji ya moto. Gundi ya fenoli hustahimili. Kipande kidogo kichemshwe kwa saa kadhaa. Tabaka zikiachana, plaiwudi hiyo isinunuliwe. Rangi ya gundi peke yake si ushahidi wa kutosha.

(b) Kiini. Karatasi moja ikatwe na kingo zikaguliwe. Mapengo kati ya tabaka huifanya sakafu ibonyee na kulia inapokanyagwa.

(c) Unene. Panapotandikwa juu ya mihimili, milimita 18 ni kipimo cha kawaida; juu ya zege tambarare, nyembamba zaidi huweza kufaa.

(d) Ukavu. Zege jipya huchukua miezi kukauka. Kipande cha nailoni kibandikwe kingo zote juu yake kwa saa 24. Kikitoa jasho chini, kazi isubiri.

Wapo wanaoshauri kutumia mbao za misindano zinazopatikana kwa wingi karibu na mashamba ya miti ya Meru badala ya plaiwudi. Mbao hizo ni nzuri zikikaushwa vyema. Zikiwekwa mbichi zitasinyaa na kupinda, na unafuu wa bei hautakuwa na maana.

Aina ya gundi, unene na idadi ya tabaka viandikwe katika hati ya kuagizia mali, na kipande cha sampuli kihifadhiwe ofisini hadi mzigo wote upokelewe na kulinganishwa nacho. Malipo ya mwisho yafuate ukaguzi, yasiutangulie.