Maua ya Kutandaa Mahali pa Nyasi

Milimita moja ya maji juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Nyasi za mapambo, zikitakiwa kubaki kijani katika kiangazi cha Dodoma, huhitaji kama milimita tano kwa siku. Uwanja wa mita 100 za mraba, basi, unakunywa lita 500, yaani madumu 25, kila siku ya Mungu. Na kiangazi cha huko si cha wiki mbili: mvua ya mwaka kwa kawaida haifiki milimita 600, tena karibu yote hunyesha kati ya Desemba na Aprili.

Ukoka wenyewe tusiusingizie. Haufi kwa kiu upesi. Majani hukauka, mashina yaliyo chini ya udongo hulala, mvua ya kwanza ikaamsha kila kitu. Anayeumwagilia mwezi wa tisa hanunui uhai wake, ananunua rangi. Kama ni rangi tu, ipo mimea inayoitoa kwa maji machache zaidi.

Chaguo langu la kwanza ni portulaka ya maua, iliyotoka Amerika Kusini, ndugu wa tako la hasani linalojiotea mashambani. Majani yake manene yanahifadhi maji, lakini ujanja wake mkubwa uko kwenye vitundu ambavyo mmea hupumulia. Mimea mingi huvifungua mchana ili ivute hewa ya kaboni, na hapo hapo mvuke wa maji hutoroka. Portulaka ikibanwa na ukame huanza kuvuta hewa hiyo usiku, kukiwa na ubaridi, huiweka akiba katika hali ya asidi, kisha huitumia jua linapowaka huku vitundu vimefungwa. Aptenia ya Afrika Kusini, yenye majani ya umbo la moyo na vijiua vyekundu, nayo hupumua usiku. Kasoro ya portulaka ni kwamba maua yake hufumba alasiri. Mtu anayerudi kazini magharibi atayafaidi Jumapili tu.

Karanga ya mapambo kutoka Brazil, ile ya maua ya njano, husifiwa sana, na ni kweli inarutubisha udongo kwa naitrojeni na kustahimili kivuli. Ila ukame ukiwa mrefu hupukutisha majani. Ningeipanda Bukoba au Tanga, si Dodoma.

Wedelia, mtambaazi mwingine wa maua ya njano unaopendwa kwenye kingo za barabara na hoteli, siushauri kabisa. Umo katika orodha ya kimataifa ya viumbe vamizi 100 vibaya zaidi duniani. Kipande kidogo cha shina kikitupwa mtoni huota, na mimea ya asili hufunikwa.

Watu huniuliza zaidi habari za nyoka kuliko za maji. Portulaka hukaa chini, hivyo ukipunguza matawi kila yanaporundikana, haitoi maficho makubwa. Hata hivyo, acha kipande cha wazi mbele ya mlango. Na watoto wakicheza mpira, waachie ukoka wao: mashina manene ya portulaka hupondeka yakikanyagwa, wala hakuna ua linalostahimili mechi ya kila jioni.

Kazi ngumu ni kuung'oa ukoka kabla ya kupanda. Usipochimba na kutoa mashina ya chini, ukoka utachomoza katikati ya maua na kupalilia kutakuwa adhabu. Vipandikizi havigharimu: omba kwa jirani vipande vyenye urefu wa kidole, viache kivulini siku moja vidonda vikauke, kisha vichomeke mvua zinapoanza, kwa nafasi ya sentimita 20 hivi. Mwagilia kwa kiasi mpaka vishike mizizi. Baada ya hapo maji mengi ndiyo adui, kwa sababu mizizi huoza, hasa penye mfinyanzi. Changanya mchanga kwanza.