Zahabu ya Mongbwalu: tajiri alijibu wapi?

BUTEMBO – Tarehe 29 Machi 2007, Umoja wa Mataifa ulimwekea vikwazo Kisoni Kambale, mfanyabiashara mkubwa wa Butembo, pamoja na komtwari yake ya zahabu na shirika lake la ndege, Butembo Airlines. Alituhumiwa kununua karibu zahabu yote ya Mongbwalu, Ituri, ambako kundi la FNI lilitoza kodi, na kulisafirishia silaha na chakula.

Vikwazo vilizuia mali na safari, lakini si hukumu. Tarehe 5 Julai mwaka huohuo, Kisoni aliuawa mjini Butembo. Aprili 2008 jina lake likaondolewa kwenye orodha.

Katika kesi za Ituri huko La Haye walisimama wakubwa wa makundi ya silaha: Lubanga, Katanga, Ngudjolo na Ntaganda. Hakuna mfanyabiashara hata mmoja.

Hivyo, wakaaji wa Mongbwalu hawakusikia tuhuma hizo zikipimwa mbele ya jaji, wala mtuhumiwa hakupata tribinali ya kujitetea. Kwa Butembo na Beni, miji inayoishi kwa biashara, swali limebaki: aliyeshika bunduki huitwa, anayenunua zahabu ataitwa lini?