Riwaya sita, nakala moja: kikundi kianze wapi na Kezilahabi?

Kuna swali linalotufikia hapa radioni mara kwa mara, na linatoka kwa watu mbalimbali: vijana wa parokia, walimu, kina mama wanaokutana jioni kisha kazi. Wanasema: tunataka kusoma kitabu pamoja, kitabu cha Kiswahili, siyo cha Kifaransa. Mmoja wetu alisoma riwaya moja ya Kezilahabi, akatupigia hadithi yake, tukaipenda. Sasa tunataka zingine za yule mwandishi. Tuchukue ipi?

Swali linaonekana dogo, lakini huku kwetu si dogo. Kitabu cha Kiswahili hakipatikani kila duka. Mara nyingi kinavuka ziwa ndani ya mfuko wa mtu aliyekwenda Kigoma kwa biashara yake, na ukimtuma akuletee kimoja, huwezi kumrudisha kesho akakibadilishe. Kikundi kikichagua vibaya, pesa ya mchango imekwenda, na Jumamosi ya tatu watabaki watu wawili wanaangaliana. Mimi nimeishi jambo hilo, njo maana naandika.

Kwanza tumjue mwenyewe. Euphrase Kezilahabi alizaliwa mwaka 1944 Namagondo, kijiji cha kisiwa cha Ukerewe ndani ya Ziwa Victoria, Tanzania. Mtu wa Idjwi akisoma habari za Ukerewe hatahisi yuko ugenini: maji pande zote, samaki, mihogo, mitumbwi, kila mtu anajua mambo ya jirani. Alisoma seminari, kisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akaenda Marekani kufanya udaktari, baadaye akafundisha miaka mingi Botswana. Alifariki Januari 2020. Aliandika mashairi pia, lakini leo tushike riwaya. Ziko sita: Rosa Mistika ya 1971, Kichwamaji ya 1974, Dunia Uwanja wa Fujo ya 1975, Gamba la Nyoka ya 1979, halafu zile mbili fupi za mwisho, Nagona ya 1990 na Mzingile ya 1991.

Sasa kosa letu. Kikundi chetu hapa Kalemie kilikuwa na watu tisa. Rosa Mistika tulikuwa nayo, nakala moja imechakaa, jalada limefungwa kwa skochi. Tukaimaliza kwa miezi miwili, watu wakawa wanakuja hata mvua inanyesha. Ndugu mmoja akasema anavuka kwenda Kigoma wiki ijayo. Tukachanga, tukamwambia: lete kingine cha huyu huyu. Hatukumtajia jina la kitabu, na hapo njo penye kosa. Akafika dukani, akaona Nagona: kitabu chembamba, bei ndogo, jina la mwandishi ndilo. Akaona amefanya kazi nzuri, na mimi ningekuwa pale ningefanya vilevile.

Siku ya kwanza tukasoma kurasa sita kwa sauti. Kimya. Mtu akauliza, "Huyu anayesema ni nani?" Hakuna aliyeweza kujibu, kwa sababu kitabu chenyewe hakisemi. Ni safari ya mtu anayetafuta kitu ambacho hujui ni nini, sawa mwindaji anayefuata nyayo za paa. Anafika mahali penye ukimya, anakutana na watu wanaosema kwa mafumbo, majina ya wanafalsafa wa Ulaya yanapita, ndoto na kweli zinachanganyika. Hakuna kijiji cha Namagondo, hakuna baba mlevi wala barua ya mpenzi. Wale waliokuwa wanangojea Rosa mwingine walijiona wamedanganywa. Jumamosi ya tatu tulikuwa wanne.

Kwa hiyo neno la kwanza ninalowaambia wenye vikundi: kwa Kezilahabi, unene wa kitabu haukuambii uzito wake. Vile viwili vyembamba ndivyo vigumu kuliko vyote. Viweke mbali mpaka kikundi kimezoeana.

Mwanzo ni Rosa Mistika, lakini uingie ukijua unachokiingia. Rosa ni binti wa kwanza wa Zakaria na Regina. Zakaria ni mlevi, na pamoja na ulevi wake anamlinda binti sawa askari wa gereza. Kwa barua moja tu ya mvulana, Charles, Rosa anapigwa vibaya sana. Anakua bila kufundishwa namna ya kuongea na mwanaume; amefundishwa tu kuogopa. Kisha anapelekwa shule ya bweni, mbali na ile fimbo, na hapo mambo yanaanza kugeuka. Kuna wanaume wenye nafasi na pesa, kuna mkuu wa chuo anayetumia cheo chake, kuna mimba zinazotolewa, na mwisho wake ni Rosa kujiua mwenyewe. Hata majina yanatugusa: Rosa, Regina, Flora, Stella, Emmanuel. Ni sawa daftari la ubatizo la parokia yetu. Na jina la kitabu limetoka katika litania ya Bikira Maria.

Kilipotoka, kilikatazwa kutumika mashuleni Tanzania, kwa sababu watu waliona kinasema wazi mno mambo ya mwili. Miaka ikapita, kikarudi, tena kikawa kitabu cha kusomwa na wanafunzi. Nawaeleza hivyo kwa sababu katika kikundi chenu atatokea mtu wa kusema kitabu hiki ni cha aibu. Atatokea. Kwetu alikuwa mzee mmoja, mtu wa kanisa, na hatukumfukuza. Tulimwomba asome mwenyewe kwa sauti ile sehemu ya kupigwa kwa Rosa. Alipofika katikati alisimama, akakunja kitabu kidogo, akasema, "Huyu Zakaria miye namujua. Anaikala ku avenue yetu." Kuanzia siku ile hakukosa hata Jumamosi moja.

Lakini kuna jambo lingine zito kuliko aibu. Katika mikoa yetu hii, ndani ya watu tisa au kumi waliokaa kwenye viti, usijidanganye kwamba hakuna aliyeumizwa. Mtu aliyetendewa vibaya na mwalimu wake, na mkubwa wake wa kazi, au na mwenye silaha, hatakuambia mlangoni. Atakaa akisikiliza kurasa zile. Basi yule anayeongoza kikundi asome kitabu chote kwanza, peke yake, ajue ni kurasa gani zinachoma. Siku ya kurasa zile aseme mapema: leo tunafika mahali pagumu, anayetaka kutoka nje atoke, hakuna atakayemuuliza. Watoto wasiwepo. Na asilazimishe mtu yeyote kutoa ushuhuda. Kwetu kuna mama ambaye hakusema kitu muda wa wiki tano. Tulipomaliza, alisema sentensi moja tu: "Balimuacha yeye moya, na bote balikuwa banaona." Hatukumuuliza zaidi.

Baada ya Rosa Mistika, mimi nashauri Kichwamaji, na nashauri zifuatane bila kuweka kitabu kingine katikati. Sababu ni hii: ni kidonda kilekile kinachoangaliwa kutoka upande mwingine. Anayesimulia ni Kazimoto, mwanafunzi wa chuo kikuu anayerudi nyumbani Ukerewe likizo. Dada yake Rukia amepewa mimba na Manase, kijana mwenye cheo serikalini, rafiki wa utotoni, na mimba ile inampeleka Rukia kaburini. Kazimoto anataka kulipiza. Anaamua kumharibu dada ya Manase, Sabina, sawa vile Manase alivyomharibu wa kwao. Umeona? Katika Rosa Mistika tulikuwa tunalia na msichana. Hapa tumeingizwa ndani ya kichwa cha kijana msomi, mwenye maneno mazuri, anayepanga kumtumia msichana asiye na kosa ili kumwadhibu mwanaume. Anaishia kumwoa Sabina. Na yeye na Manase, maisha yao ya starehe yamewaachia ugonjwa unaowapata watoto wao. Jina la kitabu linatoka hapo, na kwenye kichwa cha Kazimoto mwenyewe pia.

Vijana wa kiume watakipenda Kichwamaji, halafu kitawaudhi. Ni vizuri. Kwetu mabishano yaliwaka kuliko siku zote: je, Kazimoto ni bora kuliko Manase, au ni yuleyule aliyesoma vitabu vingi zaidi? Jueni tu kwamba na hiki kinamalizika kwa mtu kujiua. Kezilahabi hakuwa mwandishi wa mwisho wa furaha. Kama kikundi kina mtu aliye katika huzuni kubwa wakati huu, si lazima mwendelee nacho sasa, kitabu kitangoja.

Hapo vikundi vingi hugawanyika: Dunia Uwanja wa Fujo au Gamba la Nyoka? Zote mbili zinataka mjue kitu kimoja cha historia ya majirani zetu. Tarehe 5 Februari 1967, Tanzania ilitangaza Azimio la Arusha, siasa ya Ujamaa ya Nyerere: mali kubwa iwe ya umma, watu wa vijijini wakae pamoja na kulima pamoja. Mwanzo ilikuwa kwa hiari. Mwishoni mwa 1973 amri ikatoka kwamba mpaka kumalizika 1976 kila mtu wa shambani awe amehamia kijiji. Mamilioni walihamishwa, na fasi nyingi ilikuwa kwa nguvu.

Dunia Uwanja wa Fujo inamfuata Tumaini, kijana anayepata mali, anaitapanya kwa raha za mjini, anaanza tena mpaka anakuwa mwenye shamba kubwa. Kisha Ujamaa unafika mlangoni pake, naye hakubali. Anaua, na mwisho wake ni kitanzi. Ni kitabu kirefu, kina watu wengi, kinatawanyika. Wako wanaokipenda kwa ajili ya ule mji wenye kelele. Mimi naona kinachosha kikundi chenye nakala moja, kwa kuwa mtu akikosa wiki mbili hawezi tena kujua nani ni nani.

Gamba la Nyoka ndiyo chaguo langu. Ni hadithi ya vijiji vinavyokataa kuhamishwa, nguvu ya serikali inafika, na vijana waliosoma wamesimama katikati, hawajui wako upande gani. Kuna mahali pa kucheka pia, jambo ambalo kwa mwandishi huyu ni zawadi. Katika mkoa wa Tanganyika, na Kivu zote mbili, na Ituri, hakuna haja ya kumweleza mtu maana ya kubeba godoro na sufuria na kuacha mihogo shambani. Ila muwe waangalifu na ulinganisho. Sisi tunakimbia risasi. Wale walihamishwa na serikali yao kwa jina la maendeleo, waliahidiwa shule na maji, na wengine kweli walivipata. Swali la kitabu ni gumu kuliko linavyoonekana: kitu kizuri kikiletwa kwa nguvu, kinabaki kizuri? Kikundi kinaweza kulila jioni nzima.

Neno juu ya lugha. Wengi wetu tulifundishwa kusoma kweli kwa Kifaransa. Kiswahili tunakisema tangu utoto lakini macho hayajakizoea kwenye karatasi. Mtu anaona aibu kusoma polepole. Dawa ni kusoma kwa sauti, zamu kwa zamu, kurasa kumi na tano au ishirini kila mkutano. Hivyo hata nakala moja inatosha. Atakayesema "mutu" badala ya "mtu" asichekwe. Kezilahabi mwenyewe hakunyonya Kiswahili. Lugha ya mama yake ilikuwa Kikerewe, na labda njo sababu sentensi zake ni fupi, wazi, hazina mapambo mengi ya pwani. Maneno yatakayowasimamisha ni machache. Yaandikeni kwenye daftari moja la kikundi, kila neno na fasi yake.

Msikimbilie fotokopi ya kitabu kizima. Kurasa chache za mazungumzo, sawa. Lakini tukifotokopi vyote, nani ataleta vingine?

Na Nagona? Haikutupwa. Ilikaa juu ya kabati karibu mwaka. Tulipomaliza Gamba la Nyoka, yule mzee wa kanisa akasema tuijaribu tena, kurasa tatu tu kila mara, bila kuulizana "maana yake nini" mpaka kila mtu aseme kwanza alichokiona. Mmoja aliona barabara tupu ya kijiji kilichokimbiwa. Mwingine aliona seminari. Mama yule wa sentensi moja alisema anamwona mtu anayetafuta jamaa yake kambini, akiuliza hema kwa hema, na hakuna anayemjibu sawasawa. Tumefika ukurasa wa ishirini na nne. Mzingile ndugu yetu ameshaagizwa ailete, na safari hii tumemwandikia jina la kitabu kwenye karatasi.