Umri wa Tiketi na Umri wa Jaketi

Asubuhi ya Juni, shule zimefungwa, foleni ya boti ya Unguja imefika barabarani. Mbele yangu alisimama mama mmoja na begi la magurudumu ambalo bado lilikuwa na karatasi ya bei ya Mtaa wa Kongo, Kariakoo. Mtoto mmoja alikuwa mgongoni, mwingine kamshika mkono.

"Huyo ana miaka mingapi, dada?" mkata tiketi akauliza.

"Mitatu, kaka yangu."

"Mama," mtoto akadakia, "si nimeshatimiza mitano?"

Foleni ikaangua kicheko, mama naye hakuweza kujizuia, nauli ikalipwa inavyostahili. Yule wa mgongoni hakuna aliyemuuliza. Ni huyo ambaye ningependa tumzungumzie leo.

Mtoto akiingia chomboni huwa na umri wa namna mbili. Upo umri wa tiketi, unaohesabiwa tangu siku ya kuzaliwa, na kazi yake ni kuamua hela. Na upo umri wa jaketi okozi, unaohesabiwa kwa kilo na sentimita. Wazazi wengi wa Kariakoo wanaujua wa kwanza barabara, maana ni watu wa biashara na punguzo haliwapiti. Wa pili hauulizwi dirishani.

Kipimo cha dunia katika mambo haya ni mkataba wa usalama wa maisha baharini, unaojulikana kwa ufupi kama SOLAS. Uliandikwa mara ya kwanza mwaka 1914, baada ya Titanic kuzama, na unaotumika sasa ni wa mwaka 1974 pamoja na marekebisho yake. Humo ndani mna kifungu kinachowashangaza watu kila ninapokieleza. Abiria, kinasema, ni kila mtu aliyemo chomboni isipokuwa nahodha, wafanyakazi wa chombo, na mtoto ambaye hajatimiza mwaka mmoja. Kwa maneno mengine, yule wa mgongoni si abiria. Chombo chenye cheti cha kubeba abiria 500 kikibeba 500 na vichanga 20, kwa tafsiri hiyo hakijazidisha mtu.

Lakini mkataba huohuo unamrudisha kwa mlango mwingine. Unataka watu wote waliomo melini wahesabiwe kabla ya kung'oa nanga, na majina na jinsia zao ziandikwe kwa kutenganisha watu wazima, watoto na vichanga, ili waokoaji wajue wanamtafuta nani. Kwa hiyo kichanga anaweza asiwe abiria, ila ni mtu, na mtu huandikwa. Tatizo ni kwamba kalamu ya karani hufuata pesa: asiyelipiwa, mara nyingi haandikwi.

Mkataba huo ni wa safari za kimataifa, na safari ya Dar es Salaam na Unguja ni ya ndani, inayosimamiwa na Shirika la Uwakala wa Meli (TASAC) huku Bara na Mamlaka ya Usafiri Baharini kule Zanzibar. Hata hivyo maji hayajui mpaka wa sheria, na sisi tuna makaburi ya kutosha kutufundisha maana ya orodha. MV Bukoba ilipozama Ziwa Victoria tarehe 21 Mei 1996, orodha ilikuwa na majina 443 ya daraja la kwanza na la pili. Daraja la tatu halikuwa na orodha. Sasa jiulize mama mwenye watoto wanne hupanda daraja gani. MV Spice Islander, iliyozama usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011 ikienda Pemba siku chache baada ya Idi, ilikuwa na uwezo wa abiria 645. Tume ya uchunguzi iliripoti kuwa walikuwamo watu 2,470. Pengo la namna hiyo halizibiki kwa kuhesabu maiti, na kwa watoto wadogo, ambao hawabebi kitambulisho mfukoni, halizibiki kabisa.

Tuje kwenye jaketi. Kwa viwango vya kimataifa, jaketi la kichanga ni la mtoto mwenye uzito chini ya kilo 15 na urefu chini ya sentimita 100. La mtoto ni kuanzia hapo hadi chini ya kilo 43 na sentimita 155. Zaidi ya hapo ni mtu mzima. Angalia kwamba hakuna mwaka wowote uliotajwa. Kijana wa darasa la saba aliyenenepa huweza kuvaa la mtu mzima, na dada yake wa kidato cha kwanza, mwembamba, akavaa la mtoto.

Wengine husema, si nitamvalisha tu la kwangu? Hapana. Mtoto akivalishwa jaketi la mtu mzima na kuangukia majini, jaketi hupanda juu na yeye huteremka chini yake, mikono ikainuka, kichwa kikapita kwenye tundu la shingo. Mara jaketi linaelea peke yake. Kichanga ana shida ya ziada: kichwa chake ni kizito ukilinganisha na mwili, kwa hiyo jaketi lake lazima liwe na kola ya kuinua uso juu ya maji na mkanda unaopita katikati ya miguu. Mkanda huo watu huuacha ukining'inia, wakiona ni wa urembo.

Na yawepo mangapi? Mkataba unataka majaketi ya watoto yasipungue asilimia 10 ya abiria, au zaidi ikihitajika ili kila mtoto apate lake. Ya vichanga, kwa safari isiyofika saa 24, ni asilimia 2.5. Boti ya watu 500 basi iwe na majaketi 50 ya watoto na 13 ya vichanga. Siku za kawaida, chombo kikiwa kimejaa wafanyabiashara wanaopeleka vitenge na kurudi, hesabu hiyo inatosha na kubaki. Wiki ambayo shule zimefungwa ni habari nyingine. MV Skagit, iliyozama karibu na kisiwa cha Chumbe tarehe 18 Julai 2012 ikitokea hapa Dar es Salaam, iliripotiwa kuwa na watu 290, na kati yao watoto 31. Tayari ile asilimia 10 imepitwa.

Itazameni na hiyo tarehe. Julai ni kusi. Meli kubwa za kitalii huja kwetu wakati wa kaskazi, kuanzia Desemba. Norwegian Dawn ilitia nanga Dar es Salaam Januari 2024 ikiwa na watalii zaidi ya 2,000. Miezi hiyo watoto wa Ulaya na Marekani wako darasani, ndiyo maana wanaoshuka gatini aghalabu ni wastaafu wenye kofia pana. Kiangazi cha kwao kikifika, meli za aina hiyo zimeshahamia Mediterania na Alaska, na hapo ndipo hujaa watoto. Wenzetu huwapakia watoto bahari ikiwa imetulia. Sisi likizo yetu imeangukia upepo mkali zaidi wa mwaka. Ukienda Unguja kusi linakusukuma kwa nyuma. Ukirudi Dar mnakutana uso kwa uso kwa takribani maili 40 za baharini. Kichefuchefu, kwa faida ya wazazi, huwapata sana wa kati ya miaka miwili na kumi na miwili, huku vichanga wakilala tu. Kaeni katikati ya chombo, sitaha ya chini, na pilau isubiri mpaka mfike Darajani, Unguja.

Hizo meli za kitalii zinajali umri kuliko afisa wa pasipoti. Kampuni nyingi hazimpokei mtoto wa chini ya miezi sita, na safari ya kuvuka bahari kuu hutaka awe ametimiza mwaka, kwa kuwa zahanati ya melini si wodi ya watoto na hospitali iko mbali kwa siku kadhaa. Mjamzito aliyefika wiki ya 24 hubaki nchi kavu. Kampuni ya Viking haichukui mtu chini ya miaka 18. Saga ya Uingereza inawataka waliofikisha 50, jambo ambalo kwetu lingeacha boti nzima kwa mabibi na mababu.

Sioni haja ya kuiga hayo. Safari ya saa mbili haihitaji kumzuia kichanga kwenda kuonwa na bibi yake. Kuna kitu kimoja tu cha kuiga, tena cha bei ndogo. Katika meli nyingi za aina hiyo mtoto hufungwa mkanda mkononi wenye namba ya kituo ambapo familia yake hukusanyika panapotokea dharura. Akipotea kwenye kishindo, baharia yeyote anajua ampeleke wapi. Mkanda kama huo unaweza kuchapishwa hapo Kariakoo kabla ya adhuhuri.

Wakati tunausubiri, wewe unayesafiri na mtoto sema umri wake wa kweli dirishani, kisha taja jina la kichanga hata kama halipi, na usiondoke mpaka uone limeandikwa. Ukishakaa, kabla boti haijatoka gatini, mwite baharia akuonyeshe jaketi la mwanao. Usimwambie ana miaka mingapi, mwambie kilo zake. Zimeandikwa kwenye kadi ya kliniki, ile uliyopewa hospitali ya Mnazi Mmoja. Iweke kwenye mkoba pamoja na tiketi.